Chuchu Bandia: Tumpe Mtoto au Tusimpe?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia chuchu bandia, yaani ile chuchu ya mpira au plastiki anayopewa mtoto ainyonye ili anyamaze. Ni kitu kidogo, na bei yake si kubwa, lakini huleta ubishi nyumbani. Jirani anasema inafaa, bibi anasema inaharibu mtoto. Mama kijana amsikilize nani?

Tuchukue mfano wa mama wa hapa Iyunga aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Wiki ya pili analetewa zawadi ya chuchu bandia. Mtoto akilia anawekewa mdomoni, naye ananyamaza. Wageni wanasifu: "Mtoto wako mpole kweli!" Siku ya kliniki, nesi anaona mstari wa uzito kwenye kadi haupandi. Anauliza, "Mama, kwa siku ananyonya mara ngapi?" Mama anahesabu: mara tano tu, usiku na mchana. Kumbe mtoto hakuwa mpole. Alikuwa na njaa, na kila alipoomba maziwa alipewa mpira.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kwanza. Chuchu bandia hunyamazisha kilio, lakini haijibu kilio.

1. Kwa nini ina madhara?

(a) Hupunguza maziwa. Mtoto mchanga anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kadiri anavyonyonya, ndivyo mwili wa mama unavyotengeneza maziwa. Akinyonya mpira, ziwa halipati habari kwamba maziwa yanahitajika.

(b) Huweza kuleta mimba mapema. Familia nyingi hutegemea kunyonyesha katika kupanga uzazi kwa njia ya asili. Njia hii hufaa kwa zaidi ya asilimia 98 ikiwa mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, mama hajaanza kupata hedhi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee, mara kwa mara, usiku na mchana. Chuchu bandia ikichukua nafasi ya ziwa, kinga hiyo hulegea.

(c) Huleta magonjwa. Ikianguka chini na kurudishwa mdomoni, huingiza vijidudu vya kuhara. Huweza pia kusaidia kuleta utando mweupe mdomoni. Mama anayeishi na VVU awe mwangalifu zaidi: aendelee na dawa zake bila kukosa, na akiona vidonda au utando mdomoni mwa mtoto, ampeleke zahanati mara moja, maana huweza kurahisisha maambukizi.

(d) Huumiza masikio na meno. Watoto wanaoitumia sana baada ya miezi 6 huugua masikio mara nyingi zaidi. Ikitumika kupita miaka 2 au 3, meno ya mbele huweza kukaa vibaya.

2. Je, haina faida?

Tuseme ukweli, faida zipo. Hospitalini, mtoto njiti anayelishwa kwa mpira wa puani huweza kupewa ili ajifunze kunyonya, kwa maelekezo ya wauguzi. Tena, tangu mwaka 2005 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri mtoto apewe wakati wa kulala, kwa sababu uchunguzi umeonyesha kuwa huenda inapunguza vifo vya ghafla usingizini. Lakini hata wao wanasema anayenyonya ziwa asubiri kwanza mpaka kunyonya kukolee vizuri.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipoanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto mwaka 1991, walikataza chuchu bandia kwa watoto wanaonyonya. Mwaka 2018 shauri lao lilibadilika: mama aelezwe matumizi na hatari zake. Kwa hiyo uamuzi ni wa wazazi, lakini wauamue wakiwa na elimu.

3. Tufanye nini?

Mwezi wa kwanza: usimpe kabisa. Mpe ziwa ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na kila anapotaka.

Baada ya hapo, kama ananyonya vizuri na uzito unapanda: si lazima umpe. Ukiamua kumpa, iwe wakati wa kulala tu, akiwa ameshashiba. Ikidondoka akiwa usingizini, usimrudishie.

Kuanzia miezi 6: anza kumpunguzia, hasa kama anaugua masikio.

Kufikia mwaka mmoja au miwili: aachishwe kabisa, kwa upole, bila kumchapa wala kupaka pilipili.

Kabla ya kumpa, jiulize: Ana njaa? Amelowa? Anasikia baridi, au amefunikwa mno kwa kuogopa baridi yetu ya Juni na Julai? Anaumwa? Anataka kubebwa tu? Mtoto anayenyonya vidole au kugeuza kichwa akitafuta ziwa ana njaa tayari, usingoje alie.

4. Usafi na usalama

Ichemshe kila siku, na iweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Usiisafishe kwa mate yako. Usiichovye kwenye sukari, soda wala asali. Asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Usiifunge shingoni kwa kamba, itamnyonga. Ikipasuka, itupe. Watoto wasitumie moja kwa zamu.

Akina baba, nanyi msikae pembeni. Mama aliyechoka ndiye anayekimbilia chuchu bandia. Mbebe mtoto, teka maji, mwache mama apumzike.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Mtoto akilia nyumbani kwetu, jambo la kwanza tunalofanya ni lipi?
2. Nani katika Jumuiya yetu amejifungua karibuni, na tumsaidie kazi gani ili apate nafasi ya kunyonyesha?
3. Tukienda kumwona mzazi, zawadi ipi itamfaa kuliko chuchu bandia?

Mungu awabariki pamoja na watoto wenu.