Safari za Sikukuu: Jinsi ya Kupunguza Nauli

Kila mwaka ifikapo Desemba, watu wengi wa mijini hurudi mashambani kula Krismasi pamoja na wazee wao. Hilo ni jambo jema. Lakini Januari karo ya shule yadaiwa, na mbegu na mbolea za mvua ya masika zangoja kununuliwa, na huku fedha zimekwisha kwa nauli. Basi mwezi huu tujifunze jinsi ya kuonana na jamaa bila kupoteza fedha za shamba.

Kwa nini nauli hupanda

Nauli ni kama bei ya mahindi: yakiwa machache sokoni na wanunuzi ni wengi, bei hupanda. Siku chache kabla ya Krismasi, abiria wa kutoka Nairobi kwenda Kakamega, Kisii au Siaya ni wengi mno, na mabasi ni yale yale. Tena basi likiisha kuwashusha hurudi Nairobi karibu tupu, kwa hiyo mwenye basi humtoza abiria wa kwenda gharama ya kurudi pia. Baada ya Mwaka Mpya mambo hugeuka: wanaorudi Nairobi ndio hulipa sana.

Tufanye hesabu

Tuseme nauli ya siku za kawaida ni shilingi 1,200, na ya sikukuu ni shilingi 2,400. Watu 5, kwenda na kurudi, watalipa shilingi 12,000 siku za kawaida, na shilingi 24,000 wakati wa sikukuu. Tofauti ni shilingi 12,000. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza bei ya mbolea ya ruzuku kuwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa bei hiyo, tofauti yetu yanunua mifuko 4, na shilingi 2,000 zabaki.

Mambo ya kufanya

1. Watoto watangulie. Wasio na mtihani hufunga shule kabla ya Desemba. Waje kwa babu na nyanya mapema pamoja na mtu mzima, na wasingojee kurudi siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa.

2. Safiri kinyume cha umati. Badala ya watu 5 kutoka mjini, wazee 2 waweza kwenda kwao kabla ya Krismasi, katika mabasi yanayorudi matupu, na kurejea nyumbani baada ya Mwaka Mpya.

3. Kata tiketi mapema. Gari la moshi la kati ya Nairobi na Mombasa, lililoanza mwaka 2017, viti vyake vya Desemba huisha upesi. Anayechelewa hulazimika kupanda basi kwa bei ya siku hiyo.

4. Angalia Pasaka. Huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wakati wa kupanda. Afadhali kuzuru baada ya palizi.

Wazee wengine husema kwamba mtoto asiyekuja siku ya Krismasi amewasahau. Lakini aliyekuja Novemba, akaacha nyumbani fedha za mbolea, hakuwasahau hata kidogo. Shaurianeni mapema, ili asiwepo wa kuona vibaya.

Zoezi: Andika nauli zote ambazo jamaa yako ililipa Desemba iliyopita. Kisha uliza nauli za katikati ya Novemba. Toa, uone ni mifuko mingapi ya mbolea iliyobaki barabarani.