Dondoo muhimu: Uzoefu kabla ya kuomba shahada ya uzamili ya afya ya jamii

Usisubiri ajira rasmi. Kwa Tanzania, zahanati iliyo jirani nawe ina vitabu vya MTUHA (rejista za taarifa za huduma za afya), ambavyo takwimu zake hujumlishwa kila mwezi na kuingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Mwombe mganga mfawidhi ruhusa ya kusaidia ujumlishaji. Idadi ya watoto wenye kuhara ikipanda ghafla, uliza: ni mlipuko, au mwezi uliopita kuna kurasa zilizorukwa? Kuifuatilia hoja hiyo hadi mwisho ni epidemiolojia halisi, na habari yake itaipa barua yako ya maombi uzito zaidi kuliko rundo la vyeti vya semina. Siri za wagonjwa zibaki zahanati. Usipige picha hata ukurasa mmoja.

Kampeni za chanjo nazo zinafaa. Pia, taasisi za utafiti kama Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Taasisi ya Afya Ifakara hufanya tafiti za kaya. Ukipata nafasi ya udodosaji, ichukue. Utajifunza kuomba ridhaa, na kukubali mtu anapokataa kuhojiwa.

Barua ya mapendekezo iombe mapema, msimamizi akiwa bado anaikumbuka kazi yako.