Mtani Tumweke Wapi? Urafiki na Ukaribu wa Moyo Nachingwea na Ruangwa

Katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, Aristotle anaugawa urafiki katika aina tatu: wa manufaa, wa kufurahishana na wa fadhila. Huu wa tatu ndio kamili, kwa sababu kila mmoja humtakia mwenzake mema kwa ajili ya huyo mwenzake. Lakini huchelewa kukomaa, mpaka watu wamekula chumvi pamoja, wala mtu hawezi kuwa na marafiki wengi wa namna hiyo. Sisi tunaotoka Nachingwea na Ruangwa tuliupokea mgawanyo huo bila shida, kisha tukakwama kwenye swali moja: mtani tumweke wapi?

Mtani hatukumchagua, tulimkuta. Mmwera huzaliwa watani wake wakiwa tayari, wengine ndani ya ukoo, kama babu na mjukuu au watoto wa mjomba na wa shangazi, wengine katika makabila mengine. Utani wa Wangoni na makabila ya kusini huelezwa na wazee kuwa ni tunda la vita vya karne ya 19: waliokuwa wakiuana walipeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliona utani kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uadui wa mchezo, unaowekwa pale ambapo watu wanafungamana na papo hapo wanatengana. Maelezo hayo yana ukweli, ila kwetu yanaishia mlangoni, kwa kuwa utani hujulikana hasa msibani.

Watu wanalia, naye mtani anaingia akimwiga marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikohoa. Anadai deni ambalo halikuwahi kuwapo. Pengine analala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani huyohuyo ndiye aliyeshika jembe alfajiri, ndiye anayesimamia maji na kuni, na wala hangoji kuombwa. Mwenzetu mmoja wa kutoka kanda nyingine, ambako heshima ya msiba ni ukimya, alituuliza kama wale watu walikuwa na huzuni kweli. Swali lake lilikuwa halali. Kwao ukaribu hupimwa kwa namna unavyonyamaza pamoja na mfiwa. Kwetu hupimwa kwa neno unaloweza kumwambia bila yeye kukasirika, na kwa kazi unayoifanya kabla hujatumwa. (Vivyo hivyo vijana wa kiume kutembea wameshikana mikono sokoni Nachingwea: mgeni huona jambo, mwenyeji haoni chochote.)

Tukimgeukia Mtakatifu Aelred, abate wa Rievaulx huko Uingereza katika karne ya 12, aliyeandika juu ya urafiki wa kiroho, tunakuta njia nyingine kabisa. Kwake rafiki huchaguliwa, hujaribiwa, ndipo hupokelewa, na mwishowe mioyo miwili hukaa katika upatano. Rafiki ni yule unayeweza kumfunulia siri yote. Hapa ndipo utani unapopungukiwa, na tusiuone haya ukweli huo. Mtani ni wa hadharani. Ukimpa siri, kesho ataifanyia mzaha mbele ya watu, na ndiyo haki yake! Mjane aliyechekeshwa siku ya mazishi anabaki na ukimya wa nyumba yake baada ya arobaini. Mwanamke walau ana somo wake, aliyemfunda unyagoni, na ana kaka zake, maana kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Mwanaume ana wenzake wa jando, lakini wakikutana huongea bei ya korosho na ufuta. Yaliyo moyoni huyabeba mwenyewe, na jamii humsifu kwa kuyabeba. Tunaona sifa hiyo ina madhara.

Je, mtani si rafiki basi? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba upendo wa kimungu ni urafiki wa mwanadamu na Mungu, naye anajenga hoja yake juu ya Yohane 15:15, ambapo Yesu anawaita wanafunzi rafiki kwa kuwa amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Hapo Aelred ana haki: rafiki huambiwa siri. Lakini aya inayofuata inawakumbusha wanafunzi haohao kwamba si wao waliomchagua. Waliambiwa siri katika urafiki ambao hawakuuanzisha, wakiwa pamoja na wenzao ambao hakuna aliyewateua mwenyewe: mvuvi, mtoza ushuru, Zelote. Basi kutochaguliwa hakumwondoi mtani katika urafiki. Kinachomkosa ni ile nusu ya aya ya 15.

Kanuni ya 529 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko azitembelee familia na kushiriki huzuni zao. Padre anayehamishiwa Ruangwa kutoka mbali hatahangaika kutafuta mtani. Wiki ya kwanza tu wazee watamuuliza kabila lake na kumwonyesha wanaopaswa kumtania, nao wataanza siku hiyohiyo. Wa kumfunulia moyo itambidi amtafute mwenyewe, na huenda akawa padre wa parokia nyingine, mwendo mrefu wa pikipiki kwenye vumbi.