Taa ya Baba: Tuiuze au Tuirudishe?

*Shangazi, marehemu baba alikuwa seremala Mji Mkongwe. Ametuachia taa ya shaba ya kuning'iniza, yenye nakshi. Alisema aliiokota kwenye kifusi zamani, jumba la Beit al-Ajaib lilipokuwa likitengenezwa. Kaka anataka kuisugua kwa ndimu, kisha aiuze kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Nifanyeje?*
*Binti Seremala, Unguja*

Mwanangu, poleni kwa msiba.

Ndimu kwanza iwekwe kando. Ndimu, ukwaju na dawa za kung'arishia hula shaba, na nakshi ikishalika hairudi. Ile rangi ya hudhurungi si uchafu. Ndiyo inayoonyesha umri wa taa. Futeni vumbi kwa brashi laini na kitambaa kikavu, basi. Wala msiiwashe kwa waya wake wa zamani, maana mpira na nguo zilizoufunika hukauka, hupasuka, na moto huanzia hapo.

Kisha ichunguzeni. Sumaku ikinata, hiyo si shaba bali chuma kilichopakwa. Tazameni pia kama tundu la waya lilikuwapo tangu mwanzo, au taa ilikuwa ya utambi na chemni, likatobolewa baadaye. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, na ndilo linalotajwa kuwa la kwanza Zanzibar kutiwa umeme. Kwa hiyo tundu lililotobolewa baadaye ni habari muhimu kwa wataalamu.

Kuuza, hapana. Beit al-Ajaib ni mali ya umma, na kifusi chake pia. Sehemu ya jumba iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafariki. Tangu hapo kila kipande cha asili kilichosalimika kina thamani kubwa mno kwa wanaolihifadhi. Simlaumu baba yako hata kidogo. Huenda bila yeye taa hiyo ingeishia jalalani.

Sasa, kabla ya kuirudisha, watafuteni mafundi wenzake walio hai. Waulizeni ilining'inia chumba gani, na matengenezo yalikuwa mwaka gani. Andikeni, pigeni picha, kisha wewe na kaka yako muipeleke pamoja kwenye idara ya makumbusho na mambo ya kale. Daini hati ya mapokezi, na jina la baba liandikwe humo kuwa ndiye aliyeinusuru. Wataalamu wakithibitisha kuwa haikutoka pale, rudini nayo nyumbani; hapo itakuwa mali ya urithi, nanyi warithi mtaamua.