Godoro Hupimwa kwa Mwili: Mafunzo Niliyopata Mapinga

Ninashona nguo Mapinga, hatua chache kutoka Barabara ya Bagamoyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini mkono wangu wa kulia umekuwa ukisukuma kitambaa chini ya sindano. Miaka mitatu iliyopita bega la mkono huo lilianza kuniamsha saa tisa usiku. Alfajiri nikiamka kuswali, mkono haukupanda; binti yangu ndiye aliyenifunga mtandio. Kiuno nacho kilikaza hadi nikawa natoka kitandani kwa kushika ukuta. Ikifika saa nne asubuhi maumivu yalipungua, na usiku yakarudi palepale. Ndipo nikaanza kulishuku godoro. Safari ya kupata lililonifaa ilinigharimu fedha na usingizi, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Godoro gumu si dawa ya kila mgongo

Huku kwetu mtu akilalamika mgongo huambiwa alale mkekani, au atafute godoro gumu kuliko yote. Nami nikafuata. Nikanunua la sponji nzito, tano kwa sita, inchi nane, gumu kama benchi. Nikilala chali nilipata nafuu kidogo. Lakini mimi hulala ubavu, na bega likazidi kuwaka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifungua macho. Ukilala ubavu, bega na nyonga ndivyo vinavyobeba uzito. Kitanda kikikataa kuvipokea, bega hubanwa na kiuno hubaki kikining'inia bila kitu chini yake. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno walipewa magodoro, wengine magumu, wengine ya ugumu wa kadiri. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa kadiri walikuwa na nafuu zaidi. Gumu kupita kiasi linaumiza, na laini kupita kiasi linakuzamisha. Mwili unataka katikati, na katikati ya kila mtu ni yake.

2. Jipime ukiwa umelala

Mteja akiniletea kitambaa bila kuja mwenyewe, sikikati. Mbona godoro nilikuwa nikilinunua bila kujipima?

Nikavaa gauni jepesi la kubana. Nikiwa nimesimama wima, binti yangu akaniwekea alama tatu kwa chaki ya ufundi juu ya uti wa mgongo: chini ya shingo, katikati ya mgongo, na kiunoni. Kisha nikalala ubavu kama nilalavyo kila usiku, naye akanipiga picha kwa nyuma. Kwenye godoro lile gumu alama ya juu ilikuwa imepanda, kwa sababu bega halikupata pa kuingia. Kwenye kitanda cha wageni, chenye godoro lililochoka, alama ya kiunoni ilikuwa imeshuka. Lengo ni alama zote tatu zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Kipimo hiki hakikugharimu hata shilingi, na kingenisaidia sana kama ningekifanya kabla ya kufungua pochi.

3. Elewa lateksi ni kitu gani

Katika kuitafuta katikati yangu nilifika kwenye magodoro ya lateksi. Lateksi ya asili ni utomvu wa mti wa mpira, ule mweupe unaochuruzika gome likichanjwa. Si kitu kigeni kwetu: Muheza, mkoani Tanga, mpira ulilimwa tangu enzi za Wajerumani, na shamba la Kihuhwi lilikuja kuwa la mpira wa matairi. Ili upatikane mpira wa godoro, utomvu hupigwa mpaka uwe povu, kama ute wa yai unavyopigwa kwa keki, kisha humiminwa kwenye kalibu na kuokwa. Njia hiyo ilitoka katika kampuni ya Dunlop, Uingereza, mnamo 1929. Ipo nyingine iitwayo Talalay, ambapo povu hugandishwa kwa baridi kali kabla ya kuokwa, na mara nyingi hutoa mpira mwororo zaidi.

Faida yake niliihisi kwa kiganja kabla ya kuihisi kwa bega. Ukiikandamiza lateksi kwa ngumi, inaingia pale pale penye ngumi, na ukiiachia inarudi papo hapo. Bega likizama, kiuno kinaendelea kushikiliwa. Ukijigeuza usiku, haikuachi kwenye shimo.

Tahadhari moja: mwenye mwili unaovimba au kuwasha akivaa glavu za mpira au akigusa puto, amuone daktari kabla ya kununua.

4. Usiamini lebo, tazama ndani

Hapa ndipo nilipoumia. Duka moja liliniuzia godoro lililoandikwa lateksi kwa herufi kubwa. Nikalipakia kwenye kirikuu mpaka Mapinga kwa furaha. Mwezi wa pili likawa na bonde penye nyonga. Nikachukua wembe nikafumua mshono wa pembeni, kazi ninayoifanya kila siku kwenye nguo za watu. Ndani nilikuta inchi moja ya lateksi juu, na inchi saba za sponji laini chini yake.

Tangu hapo nina maswali matatu. Lateksi ni inchi ngapi kati ya unene wote? Ni ya utomvu wa mti, ya kiwandani, au mchanganyiko? Kava lina zipu nifungue nione? Muuzaji mkweli hakereki.

Swali la nne nauliza mizani. Lateksi ni nzito: mita moja ya ujazo mara nyingi huwa kati ya kilo 60 na 90, na sponji ya kawaida kwa kawaida haifiki nusu ya hapo. Kipande cha futi 5 kwa 6, unene inchi 3, kinapaswa kuwa na kilo 13 hadi 19. Kikiwa na kilo tano, hiyo si lateksi. Dai pia risiti ya EFD na waranti ya maandishi.

5. Lala dukani bila haya

Mara ya kwanza niliona aibu. Mwanamke mzima, na buibui langu, nilale mbele za watu? Nikaishia kukalia ukingo na kubonyeza kwa kidole. Mara ya pili nilikwenda na mume wangu, kanga ya kutandika na mto wangu wa nyumbani. Nikalala ubavu robo saa nzima. Dakika mbili za kwanza kila godoro jipya ni tamu. Bega husema ukweli wake baadaye.

Mwenzi wako naye alale. Mume wangu ana mwili mkubwa, na lililokuwa la kadiri kwangu lilimzamisha. Tulichagua gumu kidogo kuliko nililolipenda mimi.

6. Si lazima ununue godoro zima

Lakini godoro zima la lateksi lilitushinda bei. Kilichotuokoa ni godoro jembamba la lateksi la inchi 3, tukalitandika juu ya lile la sponji nzito nililokuwa nimelikatia tamaa. Sponji ikawa msingi, lateksi ikapokea bega. Tulirudia kipimo cha chaki, na alama tatu zikakaa kwenye mstari. Kama sponji yako bado haijabonyea, fikiria njia hii kwanza. Kama ina bonde, usiifunike. Bonde litapanda juu.

7. Kitanda na mto ni sehemu ya godoro

Kitanda chetu kilikuwa na chaga nane tu, na godoro lilikuwa likidumbukia kwenye mianya. Fundi seremala akaongeza zikafika kumi na tatu, mwanya ukabaki chini ya inchi tatu. Nilitaka apigilie ubao mzima, akanikataza: "Mama, godoro lazima lipumue chini." Kwa unyevu wa pwani, alisema kweli.

Mto nao ujaze nafasi iliyopo kati ya sikio na bega. Mto wangu wa sufi ulikuwa umelala. Nikauongezea sufi mpaka shingo ikanyooka. Mwingine nauweka kati ya magoti, na wa tatu naukumbatia ili bega bovu lisidondoke mbele.

8. Mpira na jua havipatani

Sisi tumezoea kuanika magodoro. Sufi ikipigwa jua hufumuka na kukauka, na ni vizuri. Lateksi ni kinyume. Fundi nguo yeyote anajua lastiki ya sketi iliyoanikwa juani kila wiki: hulegea, kisha hukatika. Jua hulifanya vivyo hivyo godoro la mpira, likawa gumu na kumeguka. Mimi huondoa shuka, nikafungua madirisha upepo wa bahari upite.

Na ile nailoni ya dukani iondoe siku ya kwanza. Wengi tunaiacha kwa kuhofia uchafu, kumbe inafungia jasho, na masika ikifika ukungu unaota.

9. Godoro hupumzisha, halitibu

Godoro liliniondolea kibano cha usiku. Bega lenyewe lilitaka mazoezi niliyofundishwa, kiti kirefu zaidi mbele ya cherehani, na kusimama kila baada ya nusu saa. Siku ya oda nyingi bado linauma, ila usiku nalala.

Ganzi miguuni, mguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo, homa pamoja na maumivu ya mgongo, au maumivu baada ya kuanguka: hayo si ya dukani. Nenda hospitali, na ukipewa rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, usiicheleweshe.

Wiki iliyopita mteja wangu aliniomba jina la godoro langu ili akanunue lile lile. Nilimwambia hata gauni langu halitamkaa. Nikampa kipande cha chaki, nikamweleza zile alama tatu.