Usikiuze kitochi chako bado

Nikipita mashambani suali hili silikosi: "Bwana shamba, niuze kitochi nitie pesa kwenye simu janja?" Haya, leo tulipime.

Faida za kitochi

1. Charji. Betri yake hukaa siku kadhaa. Wakubwa wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilipokaa kama miezi mitatu bila ya umeme kutoka Bara. Hata leo, shambani kusiko na umeme, simu janja ikitumika sana huzima kabla ya magharibi. Mnunuzi akipiga hakupati, anampigia mwengine.

2. Pesa. Kupokea na kutuma hakutaki intaneti wala bando. Unabonyeza nyota, tarakimu na reli, menyu inakuja.

3. Bei. Kikitumbukia mtaroni, maumivu ni madogo.

Hasara zake

1. Picha. Ukinambia "majani ya tungule yanakauka", sijui kama ni kantangaze, mnyauko au kiu ya maji. Ukikisia ukapiga dawa isiyo yake, umepoteza pesa na mavuno. Picha moja safi ingetosha kuanzia.

2. Nafasi. Vitochi vingi huhifadhi meseji chache. Kila malipo yaandike daftarini siku ile ile.

Tahadhari kwa simu zote mbili: meseji ya malipo inaweza kughushiwa. Usiachie matenga kabla hujaangalia salio mwenyewe kwenye menyu.

Sasa uamue vipi?

Angalia mteja wako. Kama unapeleka Darajani au Mwanakwerekwe na dalali anakupigia tu, kitochi kinatosha. Kama unatafuta hoteli za Nungwi au Paje, mnunuzi atataka kuona mzigo kwanza. Hapo simu janja ni kitendea kazi, kama pampu.

Ukiweza, weka zote mbili: laini ya pesa na wateja kwenye kitochi, picha na WhatsApp kwenye simu janja. Ukinunua iliyotumika, bonyeza *#06# uone namba ya simu yenyewe, uilinganishe na ya kwenye boksi. Mwaka 2016 TCRA ilizifungia simu feki. Pia hakikisha WhatsApp inafunguka, maana haikubali tena simu za zamani sana.

Kazi ya wiki hii: andika mauzo yako kumi ya mwisho. Mangapi yalihitaji picha, na mangapi yalihitaji upatikane tu? Jibu lako limo humo.