SOMO: WALE WANYAMA WAKUBWA WALIENDA WAPI?

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Magadi, mwendo wa kilomita 65 hivi, unafika Olorgesailie. Leo ni mahali pa joto na vumbi, maji ni ya shida. Lakini zamani palikuwa na ziwa. Katika udongo wake mweupe imelala mifupa iliyogeuka mawe, pamoja na mashoka ya mawe ya watu wa kale. Louis na Mary Leakey walianza kuchunguza hapo miaka ya 1940.

Wanyama gani hao?

Palikuwa na tembo mkubwa kupita tembo wa leo. Palikuwa na nyani mkubwa kuliko hawa tunaowafukuza mashambani. Palikuwa na punda milia wa mwili mkubwa, na kiboko mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa. Miaka 500,000 iliyopita walikuwepo. Kufikia miaka 320,000 iliyopita, hawapo tena!

Kilitokea nini hapo katikati? Udongo wa miaka hiyo ulikuwa umechukuliwa na mmomonyoko, kama kitabu kilichochanwa kurasa. Basi mwaka 2012 watafiti walitoboa ardhi huko Koora, karibu na hapo, wakatoa udongo wa kina cha mita 139, tabaka juu ya tabaka. Ulionyesha kwamba tangu miaka kama 400,000 iliyopita ardhi ya Bonde la Ufa ilipasukapasuka, maji yakagawanyika, na mvua ikawa haitabiriki. Mara nyasi, mara vichaka.

Kwa nini wakubwa ndio walioshindwa?

Kwanza, chakula chao kilikuwa hasa nyasi. Nyasi zikikauka, hawana pa kugeukia.

Pili, mwili mkubwa unadai chakula kingi na maji mengi kila siku.

Tatu, mnyama mkubwa huzaa polepole. Hata tembo wa leo hubeba mimba miezi 22. Kiangazi kikirudi kabla kundi halijajaza pengo, linapungua mpaka linakwisha.

Nafasi yao ilichukuliwa na jamii ya tembo tunayemjua sisi. Huyu akikosa nyasi hula majani, matawi, hata magome ya miti. Hachagui sana.

Na watu je?

Watu nao walibadilika. Waliacha yale mashoka mazito, wakatengeneza vifaa vidogo na vyepesi. Walitumia jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, ambalo halipatikani hapo. Lilitoka kilomita 25 na zaidi. Inaonekana walikuwa na uhusiano na watu wa mbali, na bila shaka uhusiano huo uliwafaa siku za njaa.

Funzo kwetu

Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 hapa Kenya. Wafugaji wa Kajiado hawajasahau. Ng'ombe hutegemea nyasi, lakini mbuzi na ngamia hula vichaka pia. Mwenye aina moja tu ya mali, akitegemea aina moja tu ya malisho, yuko kama yule tembo wa zamani: mkubwa, lakini njia yake ni moja. Yeye hakuwa na uwezo wa kuchagua. Sisi tunao.

Na ukiona mfupa wa jiwe umejitokeza korongoni, usiuvunje wala usiuhamishe. Weka alama, kisha uwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ukihamishwa, hakuna atakayejua ulitoka tabaka gani, na habari yake imepotea.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Mvua ikikosa misimu miwili, familia yako itageukia nini?
2. Ni majirani gani wa mbali tunaoweza kusaidiana nao, na je, tumeanza kujuana nao sasa kabla ya shida?
3. Ni jambo gani moja tutabadilisha kabla ya kiangazi kijacho?